Mkono wa Kushoto wa Károly Takács



Ndugu zangu wanachuo, nilipoombwa niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu walitarajia nimchague sahaba, mwanazuoni au mpigania uhuru. Nimemchagua mlenga shabaha wa Hungaria, mtu ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa bara letu. Aliitwa Károly Takács. Nivumilieni hadi mwisho, maana nina sababu.

Najua kwamba kwetu silaha si jambo la mzaha. Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Nimelelewa na watu walioishi miaka ya vita iliyoanza 1993, na katika nyumba nyingi za Bujumbura mlio wa risasi humkumbusha mtu jina la ndugu aliyezikwa. Mtaa wetu unasifiwa kwa kuwa Wahutu na Watutsi waliendelea kuishi pamoja wakati mitaa mingine ilikuwa inagawanyika. Sifa hiyo siwezi kuichafua kwa kutukuza bastola. Ninachotaka kuwasimulia ni habari ya mkono.

Likizo ya mwaka juzi nilikuwa nafanya kazi katika garaji moja mtaani, kama vijana wengi wa Buyenzi wanavyofanya ili kupata nauli na pesa ya kutoa nakala za masomo. Gari lilikuwa limeinuliwa, jeki ikateleza, mkono wangu wa kulia ukabanwa. Nilipoteza vidole viwili, na vilivyobaki havikunji. Mtihani ulipofika sikuweza kuandika, mwaka ukanipita. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa kitu kidogo. Ramadhani ilipofika, tulipokaa kufuturu kwenye sinia moja, nilishindwa kushika tonge kwa mkono wa kulia, na kula kwa kushoto mbele ya watu niliona haya. Nikaanza kutoa visingizio. Nikawa nafuturu nyumbani peke yangu. Baadaye nikaacha hata kuhudhuria darsa za Jumamosi.

Wakati huo ndipo ndugu mmoja wa jumuiya yetu aliponisimulia habari za Takács. Nilizitafuta, nikazisoma, na leo nawaletea.

Sajini aliyezuiwa mlangoni

Károly Takács alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, tarehe 21 Januari 1910. Alijiunga na jeshi la nchi yake, na humo kipaji chake cha kulenga kikaonekana. Kufikia mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa walenga shabaha bora wa bastola duniani. Mwaka huo Michezo ya Olimpiki ilifanyika Berlin, na kwa uwezo wake alistahili kwenda.

Hakwenda. Kanuni ya wakati ule katika timu ya Hungaria iliruhusu maafisa tu kushindana, na yeye alikuwa sajini. Hakuna aliyesema kwamba hajui kulenga. Alizuiwa kwa sababu ya alama iliyokuwa kwenye bega lake. Nadhani wengi wetu tunaijua hali hii, ya mtu kuwa na uwezo wa kazi na mlango ukafungwa kwa jambo lisilohusiana na kazi yenyewe. Baada ya Berlin kanuni hiyo iliondolewa, na Takács akaanza kuiangalia Olimpiki ya mwaka 1940.

Kabla sijaendelea, nieleze mchezo wake, kwa kuwa wengi wetu hatujauona. Unaitwa bastola ya kufyatua haraka, na hupigwa kutoka umbali wa mita 25. Mbele ya mshindani kuna vibao 5 vimesimamishwa kwa mstari. Mshindani anasubiri mkono wake ukiwa umeteremka. Vibao vinapogeuka kumtazama, anainua mkono na kupiga risasi moja kwa kila kibao. Katika hatua ya kwanza ana sekunde 8 kwa risasi hizo 5. Katika hatua ya pili ana sekunde 6. Katika ya mwisho ana sekunde 4 tu. Jumla ni risasi 60, na kila risasi haizidi pointi 10, kwa hiyo ukamilifu ni pointi 600.

Fikirini sekunde 4. Ni muda wa kusema bismillahi kwa utulivu mara moja na kuanza ya pili. Katika muda huo mkono unapanda, unatulia, unafyatua, unahamia kibao cha pili, hadi cha tano. Hakuna nafasi ya kufikiri. Kila kitu lazima kiwe kimekwisha kuzoewa na mkono, bega, jicho na pumzi, kwa mazoezi ya miaka. Na miaka yote ya Takács ilikuwa ndani ya mkono wake wa kulia.

Bomu la mkono

Mwaka 1938, wakati wa mazoezi ya kijeshi, bomu la mkono lenye hitilafu lililipuka likiwa katika kiganja chake cha kulia. Mkono ule uliharibika vibaya. Alikuwa na umri wa miaka 28. Alilazwa hospitalini kwa muda wa mwezi mmoja, na kila aliyemfahamu aliona kwamba habari ya kulenga shabaha imekwisha.

Hapa ndipo niliposimama kusoma kwa mara ya kwanza, nikaufunika ukurasa. Nilijua jinsi mwezi kama huo unavyokuwa. Watu wanakuja kukuona, wanakuombea, wanaangalia bandeji halafu wanaangalia pembeni. Kila mmoja anakupa pole, na pole hiyo ni ya kweli, lakini ndani yake kuna kukuaga. Hukuna anayekuuliza tena utafanya nini mwakani.

Takács alipotoka hospitalini alianza kujifunza kulenga kwa mkono wa kushoto. Hakumtangazia mtu. Alifanya mazoezi kwa siri, peke yake, miezi kwa miezi. Mkono wa kushoto wa mtu aliyezoea wa kulia ni kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mimi niliujua kwa kalamu: herufi zinalala, mstari unapanda mlima, na ukurasa mmoja unakula saa nzima. Yeye alilazimika kuufundisha mkono huo kuinuka na kutulia, na kidole chake kifyatue bila bastola kuyumba.

Na katika jambo hili nilijiona vibaya. Yeye alijificha, na mimi nilijificha. Kwa mtu anayetazama kwa nje tulikuwa tunafanya kitu kimoja: mtu aliyeumia mkono ameondoka machoni pa watu. Lakini yeye alikuwa anajifunza, na mimi nilikuwa nakimbia sinia.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1939, miezi michache tu baada ya ajali, alitokea kwenye mashindano ya taifa ya bastola ya Hungaria. Husimuliwa kwamba walenga shabaha wenzake walimfuata kumpa pole na kumshukuru kwa moyo wake wa kuja kuwatazama. Akawajibu kwamba hakuja kutazama, amekuja kushindana. Siku hiyo alikuwa bingwa wa taifa. Mwaka huohuo alikuwa katika timu ya Hungaria iliyoshinda ubingwa wa dunia wa bastola.

Miaka iliyochukuliwa na vita

Hadithi nyingi za namna hii huishia hapo, na msomaji anaambiwa kwamba mwenye nia hupata. Maisha ya Takács hayakuwa mepesi hivyo, na ndiyo sababu nayaamini.

Alikuwa amepona, amejifunza upya, ni bingwa, na kanuni iliyomzuia imefutwa. Olimpiki ya 1940 ilikuwa inamngoja. Mwezi Septemba 1939 Vita Vikuu vya Pili vikaanza. Michezo ya 1940, ambayo kwanza ilipewa Tokyo kisha ikahamishiwa Helsinki, ikafutwa. Michezo ya 1944, iliyokuwa ifanyike London, nayo ikafutwa. Hungaria yenyewe iliingia vitani upande wa Ujerumani, na vita vilipokwisha Budapest ilikuwa magofu. Simfanyi Takács kuwa walii. Alikuwa askari wa jeshi la nchi yake katika zama mbaya, na mimi naandika habari ya mchezo wake tu.

Ninachotaka mkione ni hiki: kuna mambo yaliyokuwa mikononi mwake na mambo ambayo hayakuwa. Kuamka na kufanya mazoezi kwa mkono wa kushoto kulikuwa juu yake. Lini Olimpiki itafanyika hakukuwa juu yake. Mwaka 1936 alikosa kwa cheo, mwaka 1940 akakosa kwa vita, mwaka 1944 akakosa tena. Miaka 12 ya ubora wa mlenga shabaha ilipita. Sisi tunaofundishwa kumfunga ngamia kwanza ndipo tumtegemee Mwenyezi Mungu tunajua mpaka huo uko wapi. Mtu anaulizwa juu ya kamba aliyoifunga. Matokeo yana Mwenyewe.

London, 1948

Olimpiki ya kwanza baada ya vita ilifanyika London mwaka 1948, na mashindano ya kulenga shabaha yalifanyika Bisley, nje ya jiji. Takács alikuwa na miaka 38. Aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda alikuwa Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, bingwa wa dunia wa wakati huo.

Husimuliwa kwamba Díaz alishangaa kumwona Takács pale, akamuuliza amefuata nini London. Takács akamwambia amekuja kujifunza. Lilikuwa jibu la mtu asiyetaka kujibizana. Kisha mashindano yakaanza, na mkono wa kushoto ukapata pointi 580 kati ya 600. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Díaz alipata 571 na medali ya fedha. Walipokuwa wanapokea medali, Díaz alimwambia kwamba sasa amejifunza vya kutosha. Nampenda Díaz kwa neno hilo. Kushindwa kwa pointi 9 na bado ukampa mwenzako haki yake kwa utani wa heshima ni tabia njema ambayo hata sisi kwenye chaguzi zetu za jumuiya huwa inatushinda.

Helsinki, 1952

Miaka 4 baadaye Takács alikwenda Helsinki kutetea medali yake. Alikuwa na miaka 42. Angalieni mpangilio wa mambo: miji miwili ambayo vita viliinyang'anya michezo, Helsinki ya 1940 na London ya 1944, ndiyo miji aliyokuja kushinda, mmoja baada ya mwingine.

Safari hii mpinzani wake mkubwa hakutoka Argentina. Alitoka kwao. Szilárd Kun alikuwa kijana wa miaka 17, na Takács mwenyewe alikuwa amesaidia kumwandaa. Mwalimu alipata pointi 579. Kijana alipata 578. Tofauti ilikuwa pointi moja. Mtu aliyejifunza upya kwa taabu namna ile angeweza kuificha siri ya mkono wake isije ikamwondoa kileleni. Yeye aliigawa hadi nusura imshinde. Kwa ushindi huo akawa mtu wa kwanza kupata medali mbili za dhahabu za Olimpiki katika bastola ya kufyatua haraka, na zote mbili alizipata kwa mkono ambao haukuwa wake wa kuzaliwa nao katika kazi hiyo.

Mwaka 1956 alikwenda Melbourne, Australia, akiwa na miaka 46, na akawa wa 8. Mwaka 1958 bado alikuwa anashindana, akapata medali ya shaba katika ubingwa wa dunia. Katika maisha yake alikuwa bingwa wa Hungaria mara 35. Aliendelea kufundisha vijana, na katika jeshi alifikia cheo cha luteni kanali, yeye aliyewahi kuzuiwa kwa kuwa sajini. Alifariki tarehe 5 Januari 1976, siku chache kabla ya kutimiza miaka 66.

Tunachokichukua

Ndugu zangu, kulenga shabaha si jambo geni katika historia yetu. Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawahimiza na kuwakumbusha kwamba baba yao Ismail alikuwa mlenga mishale. Aliposema yuko na kundi moja, kundi la pili likasimamisha mikono, kwa kuwa hawakuweza kushindana naye. Ndipo akawaambia waendelee, yuko pamoja nao wote.

Na katika Sahihi Muslim kuna habari ya Uqba bin Amir (r.a.). Alikuwa mzee, na bado alikuwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili akifanya mazoezi. Mtu mmoja akamwona anajitaabisha kwa umri wake, akamuuliza. Uqba akaeleza kwamba anafanya hivyo kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akimlaumu vikali anayejifunza kulenga kisha akaacha.

Kwa muda mrefu niliisoma habari hiyo kama jambo la mishale tu. Sasa naiona kama habari ya kila ujuzi ambao Mwenyezi Mungu amemruhusu mtu aupate. Ujuzi ni amana. Aliyejifunza kuandika, kuhesabu, kutibu au kusoma Qur'ani hana ruhusa ya kuuweka chini kwa sababu njia aliyoizoea imefungwa. Akitazama vizuri ataona mkono mwingine. Utakuwa dhaifu na utamwaibisha mwanzoni, na hakuna atakayeufundisha ila yeye.

Kuhusu sinia, nilikwenda kwa mwalimu wangu wa madrasa, pale Buyenzi, nikamweleza yote. Hakunicheka. Alinieleza kwamba kula kwa kulia ni amri tunayoishika, lakini wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wamebainisha kwamba mwenye udhuru wa maradhi au jeraha hana ubaya akitumia wa kushoto. Kisha akaniuliza swali moja: kwa nini nilikaa miezi yote ile na aibu ambayo dini haikunitwika? Sikuwa na jibu.

Mwaka huu nimerudi darasani. Naandika kwa kushoto. Mwandiko wangu bado ni mbaya, na ninamaliza mtihani wa mwisho kuliko wote, lakini ninamaliza. Makala hii nimeiandika kwa mkono huo kabla ya kuipeleka kwenye kompyuta, kurasa 9, kwa siku 6.

Nina ombi moja kwenu. Katika jumuiya yetu kuna wenzetu ambao hawaonekani siku hizi. Mmoja ameumia, mmoja amefeli mwaka, mwingine ameishiwa nauli na anaona haya kusema. Msiwape pole ya kuwaaga kama ile aliyopewa Takács alipofika kwenye mashindano. Wapigieni simu. Waulizeni wanajifunza nini sasa. Na Ramadhani ikifika, wasogezeeni nafasi kwenye sinia, wala msiwaangalie mkono.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe subira katika yaliyo nje ya uwezo wetu, na juhudi katika yaliyo ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.